Mawe ya Hanang na Meno Yangu

Nilipokuwa mtoto pale Gendabi niliambiwa, na nikaamini kwa moyo wote, kwamba siku Mlima Hanang ulipotapika moto, mababu zetu walikuwa wamesimama chini yake wakiucheka. Mlima haukupenda. Ukapuliza moshi moja kwa moja kwenye vile vinywa vilivyokuwa wazi, ukayaivisha meno yao kama mahindi ya kuchoma, na tangu siku ile kila mtoto wa damu yao huota meno ya rangi ya kahawia. Aliyenihadithia ni mjomba wangu, aliyekuwa amebakiwa na jino moja la mbele, jeusi kama kisiki, na alilionyesha kwa fahari kama mtu anayeonyesha cheti. Kisha akaongeza sehemu ya pili, ambayo ndiyo mbaya: mtoto wa kwetu akiota meno meupe, huyo damu yake imetoka kwingine.

Mnacheka. Chekeni, ila mjue kwamba habari hiyo niliibeba utotoni, nikaibeba ujanani, nikaibeba nikiwa mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne na mvi, na nusura inipotezee binti yangu. Nimestaafu juzi tu, mikono bado inanuka grisi. Ninyi vijana mliobaki na mtambo wa kuchimba visima mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Mambo ya vyeo na mishahara kaulizeni ofisini. Mimi nitaandika mawe, na kwa kuwa mawe yameniaibisha kuliko kitu chochote duniani, nitaiandika na aibu yenyewe.

Siku ya kwanza nilifika kwenye mtambo nimevaa viatu vya kanisani. Nilikuwa nimeajiriwa kibarua wa kubeba maji, kazi ambayo haihitaji viatu vya kanisani wala akili nyingi. Tulikuwa Balangdalalu, katikati ya mashamba, na walipowasha kompresa ilinguruma mpaka kuku wa Singida wakaacha kutaga. Vumbi jeupe likapanda juu kama moshi wa tanuru. Nilidhani tumetoboa bomba la kuzimu, nikakimbia, nikaacha kiatu kimoja kwenye tope. Nilipogeuka wenzangu wote walikuwa wameshika mbavu kwa kicheko. Na mimi nikacheka pia, maana mimi nacheka haraka, ila nilicheka kama nilivyozoea kucheka tangu utoto, kiganja kimefunika mdomo.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Bura, mtu wa kule juu, kijijini Daudi, upande wa Mbulu. Mwembamba, mkimya, anatafuna tumbaku kutwa, na bado meno yake yalikuwa meupe kuliko ya mwanafunzi. Nikasema moyoni, huyu si wa damu ya mlima, babu zake hawakuwepo siku ile. Akaja mpaka nilipo.

“Wewe, unaumwa jino?”

“Hapana. Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Basi toa mkono hapo mdomoni, unahitajika kubeba rodi, zile fito za chuma.”

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, na alianza kunifundisha siku hiyo hiyo, na kiatu changu kimoja.

Shimo la kisima, kama mjuavyo, ni jembamba. Hakuna mtu anayeweza kuingia akatazama chini kuna nini. Kwa hiyo macho yetu ni chenga: vile vipande vya mwamba ambavyo upepo wa kompresa unavirusha juu kila biti, ile ncha ya kutobolea, inaposaga. Mzee Bura aliniweka nikinge chenga kwa chekeche, nizioshe, nizimwage chini kifungu kifungu, kila rodi ikiisha kifungu kipya, kuanzia kushoto kwenda kulia. Mwisho wa siku unakuwa na mstari wa vichuguu vidogo mbele ya mtambo, na ule mstari ndio ardhi yenyewe imelazwa chali. Ukipita ukiangalia, unatembea kutoka juu ya shamba mpaka tumboni mwa dunia bila kuinama.

Alinionyesha vipimo vyake. Kwanza kucha: kama kucha inakwaruza, huo ni udongo au majivu yaliyoshindiliwa. Halafu kisu: kama kisu kinateleza na kuacha mstari wa chuma juu ya jiwe, hapo jiandae kununua biti nyingine. Halafu ndimu: unasaga chenga, unakamulia tone, ukiona povu linachemka basi kuna chokaa ndani. Na mwisho meno. Unachukua unga kidogo, unauweka katikati ya meno ya mbele, unatafuna taratibu. Ukiwa laini kama siagi ni mfinyanzi. Ukilia kwaru-kwaru ni mchanga.

Hicho cha mwisho ndicho kilichonitesa. Kila nilipotafuna ilibidi nifungue mdomo mbele za watu. Nilikuwa natafuna nimegeukia porini, kama mtu anayekula nyama ya wizi. Mzee Bura hakuuliza kitu. Wengine waliuliza. Kijana mmoja mwendesha kompresa, Tluway, mtu wa Mbulu naye, mdomo wake haukuwahi kufungwa breki, alinibatiza jina la Kahawa, kwa rangi ya meno yangu, siku hiyo hiyo na sikuwahi kulivua.

Sisi kwenye mtambo tulikuwa na namna yetu ya kuainisha miamba, na mpaka leo naiheshimu. Kulikuwa na aina tatu. Ya kwanza tuliita maandazi, yale majivu ya volkano yaliyoshikana; biti inaingia kama kidole. Ya pili tuliita mkwe, mwamba mgumu mweusi au wenye mistari. Unauendea kwa adabu, hupazi sauti, na unaweza kukaa naye siku nzima asikupe hata neno. Ya tatu tuliita mchawi, ule uliopasukapasuka, unaomeza maji, unameza povu, unakaba rodi, na siku moja ulimeza nyundo ya biti nzima na haikuonekana tena. Maji matamu mara nyingi yalikuwa kwa mchawi. Ndivyo maisha yalivyo.

Miaka ikaenda, nikawa msaidizi wa fundi, na hapo wataalamu wa ofisini wakaanza kuniuliza maswali. “Huu ni igneasi au metamofiki?” Mimi niliishia darasa la saba. Nilijibu, “Huu ni mkwe.” Mtaalamu akaandika kitu, akatabasamu, na lile tabasamu likanikaa shingoni kama upupu. Wiki iliyofuata nikajiandikisha masomo ya jioni pale Katesh.

Tulikuwa watu wazima kumi na kitu tunasomea kwenye darasa la watoto. Madawati yalikuwa ya wadogo. Ukikaa, magoti yanafika masikioni. Upande wangu wa kulia alikaa muuza mitumba, wa kushoto mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni, na mtoto huyo nadhani alielewa hesabu kuliko sisi wote. Mwalimu wa jiografia alikuwa ametoka Kagera, mpole, na chaki yake ilikuwa fupi kuliko kidole. Alipofika kwenye miamba nikainua mkono kabla hajauliza. Nikasimama, nikasema, miamba iko ya aina tatu: inayotoboka, isiyotoboka, na inayoiba vifaa. Darasa likaanguka chini. Mwalimu akasubiri watulie.

“Umesema tatu,” akasema, “hilo umepatia. Sasa wewe umeipanga kwa namna inavyokutendea. Sisi tuipange kwa namna ilivyozaliwa.”

Nilikaa na aibu yangu, lakini sijawahi kusahau somo lile. Wenye watoto shuleni wasomeeni sehemu hii.

Kuna miamba ya moto, ndiyo ile igneasi ya wataalamu. Chini kabisa kuna mwamba ulioyeyuka, mzito kama uji wa ulezi. Ukipanda na kumwagika nje, unapoa upesi, chembe zake hazipati nafasi ya kukua, unapata jiwe jeusi laini machoni, mara nyingine lenye matundu ya hewa kama mkate. Ukitoka kwa kishindo unarushwa juu kama majivu, yanaanguka, yanashindiliana, ndiyo yale maandazi yetu. Lakini ule uji ukikwama chini usifike nje, unapoa polepole kwa muda ambao hata mimi siwezi kuutia chumvi, na chembe zinakua mpaka unaziona kwa macho, moja inang'aa, moja ya waridi, moja nyeusi. Hiyo ni graniti. Hanang mzima ni mtoto wa moto.

Kuna miamba ya mashapo. Mvua inakwangua mlima, mto unabeba, ziwa linapokea. Tope juu ya mchanga, mchanga juu ya tope, kila msimu shuka lake, mpaka uzito wa juu unakamua maji ya tabaka za chini na kuzifanya jiwe. Nendeni ukingoni mwa Ziwa Balangida wakati wa kiangazi mtazame ule weupe wa magadi juu ya matope. Hapo jiwe linatengenezwa mbele ya macho yenu, ila msisubiri.

Na kuna miamba geu, ndiyo metamofiki. Hiyo mwalimu aliieleza kwa tofali. Unachukua udongo, unauweka kwenye tanuru. Hauyeyuki. Lakini ukitoka siyo udongo tena. Mvua haiurudishi kuwa tope. Ndivyo graniti au tope la zamani linavyozikwa chini sana, likabanwa na kupikwa bila kuyeyuka, likatoka na mistari ya nyeusi na nyeupe kama shuka la wodini. Nyanda za juu za Mbulu zimekaa juu ya mwamba huo. Ni mzee kuliko Hanang, mzee kuliko hata chuki ya mjomba wangu na baba yangu. Na hakuna jiwe lililomaliza safari: la moto linasagwa kuwa shapo, shapo linazikwa kuwa geu, geu linayeyuka kuwa uji tena.

Nilifaulu. Nilimpelekea Mzee Bura cheti akakitazama mbele na nyuma, akaniambia, “Sasa kanionyeshe mkwe ana jina gani.” Nikamwonyesha: juu basalti, lile jiwe jeusi la moto, chini naisi, ule mwamba geu wa mistari. Akasema, “Majina mazuri. Biti inakatika vilevile.”

Nilimwoa Emiliana, binti wa kule Daudi, jirani wa Mzee Bura. Mtambo ulikuwa hautulii, leo Balangdalalu, kesho Haydom, kwa hiyo mke wangu alibaki kwao na mimi nikawa naenda kama mgeni. Mwanaume kuweka familia ukweni, mnajua maneno yake. Niliyameza. Binti yetu Fabiola akazaliwa huko huko, akakulia kwa bibi yake, akichota maji kwenye chemchemi inayotoka chini ya mwamba wa mistari, baridi mpaka inauma paji la uso.

Nilimpenda mtoto yule kwa namna ambayo siwezi kuandika bila kuonekana mlevi. Meno yake ya utoto yalikuwa meupe, nikajifariji kwamba ya utoto huwa hivyo. Nikaanza kuogopa siku yatakapong'oka. Niliomba, na sioni haya kusema niliomba, mtoto wangu asirithi kinywa changu. Ya ukubwani yakaanza kutoka, mawili ya mbele, mapana, meupe pee. Nilicheka kwa furaha siku nzima. Jioni nikakumbuka sehemu ya pili ya habari ya mjomba.

Sikumuuliza mke wangu kitu. Si siku ile wala siku yoyote. Ningemuuliza nini? Nilikaa na shaka lile kama mtu aliyekaa juu ya mwiba kwenye harusi: unatabasamu, husogei.

Kazi ikatupeleka kwetu Gendabi, na huko nikapata fedheha nyingine, nyepesi kidogo, acha niwape mpumue. Tulichimba kutwa, mstari wangu wa chenga ukawa mrefu na mzuri, juu udongo mwekundu, kisha majivu ya kijivu, kisha basalti, kisha naisi ikaanza kumetameta. Mhandisi alikuwa njiani kuja kuukagua. Tukaenda kula. Tuliporudi tulikuta ng'ombe wa jirani zetu wafugaji wamejipanga mbele ya mtambo kama washarika wanaopokea sakramenti, wanaramba. Walikuwa wameyamaliza majivu yote. Udongo hawakuugusa. Naisi hawakuigusa. Walichokula ni katikati tu, kwa uangalifu wa mtu anayechagua nyama kwenye pilau.

“Mzee Amsi,” mhandisi akaniuliza, “sampuli za katikati ziko wapi?”

Nikamwonyesha ng'ombe.

Mwenye ng'ombe, mama mmoja mrefu, alikuwa anacheka mpaka bangili zinalia. “Majivu ya mlima yana chumvi, baba. Hata sisi huwa tunawachimbia.” Mhandisi akaandika kwamba tabaka hilo lina chumvi zinazoyeyuka kirahisi na kuingia kwenye maji. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu haya mawili. Chumvi za jiwe zinayeyuka. Zinaingia kwenye maji. Nikaitikia, “Ndiyo, mkuu,” nikaenda kuosha chekeche.

Vijana, hapo ndipo aibu yangu inapokaa. Haikai kwenye meno. Nilikuwa najua jiwe gani limetoka wapi, jiwe gani linakubali maji na lipi linakataa. Maabara walipokuwa wanarudisha majibu kwamba kisima fulani kina floraidi nyingi kifungwe, niliamini floraidi ni kitu kinachokula pampu. Nilikuwa naihurumia pampu. Sikuwahi kuleta mawe yote hayo karibu na kinywa changu nikafikiri, ingawa nilikuwa nayatafuna kila siku.

Krismasi ya mwaka ule nikampeleka Fabiola kwetu kwa mara ya kwanza akiwa na meno yake makubwa. Ukoo mzima ulikuwepo uani. Mtoto akaamkia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, kwa adabu mpaka nikavimba. Akafika kwa dada yangu mkubwa, Veneranda. Dada akamshika kidevu.

“Hebu cheka, shangazi yako akuone.”

Mtoto akacheka. Dada akageuka kunitazama, na meno yake ya kahawia, sawa kabisa na yangu.

“Kaka, haya kayatoa wapi?”

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kiganja mdomoni. Nilijibu kwamba nimemsugua kwa majivu, kwamba kule Mbulu wanapiga mswaki kwa maziwa, sijui nini na nini, nikaongeza chumvi mpaka utani ukaoza. Fabiola hakucheka tena siku ile. Njia nzima ya kurudi alikuwa amefunga midomo.

Akaja kusoma sekondari Katesh, bweni. Nikasema moyoni, haya, sasa tutaona. Maana mganga mmoja wa zahanati aliwahi kunigusia kwamba pengine ni maji ya kwetu. Basi huyu naye atakunywa maji hayo hayo ya chini ya mlima. Kama ni maji, meno yatageuka. Nilikuwa namtembelea na ndizi na sabuni, na kabla ya salamu macho yangu yalikuwa yameshafika kinywani mwake. Muhula wa kwanza, meupe. Mwaka wa pili, meupe. Mpaka kidato cha nne, meupe kama siku yalipotoka. Nikahitimisha kisayansi kabisa, mimi msomi wa jioni: maji hayahusiki. Mjomba alikuwa sahihi.

Na yeye alikuwa ameanza kuelewa. Gendabi iko karibu na Katesh, lakini likizo hakutaka kwenda. Mama yangu alikuwa anamuulizia, “Mjukuu wangu yuko wapi?” nami nadanganya ana masomo. Siku moja nikamlazimisha.

“Sitaki, baba. Shangazi ananiita mgeni.”

“Anatania.”

“Wewe unasemaje?”

Ningesema neno moja tu pale. Neno lenyewe nilikuwa nalo moyoni, kwamba wewe ni wangu hata meno yako yawe ya kijani. Lakini nilisita, na mtoto anajua kupima kusita kwa baba yake kuliko mashine yoyote. Akaniambia, “Sawa, baba,” akabeba ndizi zake akaingia bwenini. Tangu siku ile akawa ananiamkia vizuri sana. Mnajua heshima inayotolewa kwa mtu wa mbali? Ndiyo hiyo.

Kisima cha mwisho nitakachowasimulia tulikichimba tena Gendabi, ukingoni mwa mashamba. Mzee Bura alishastaafu, mimi ndiye niliyekuwa fundi mkuu, na Tluway bado alikuwa kwenye kompresa, amenenepa, breki za mdomo bado mbovu. Tulipita majivu, tukapita basalti, tukazama kwenye naisi iliyopasuka, na maji yakaruka juu mpaka nikawaambia watu wameyaona Babati. Kutoka maabara alikuja Bi Zuhura, mtaalamu wa maji aliyehamishiwa kwetu kutoka Kigoma, mwenye hijabu ya bluu na mabuti makubwa kuliko ya kwangu. Alikuwa amechuchumaa kwenye bomba anajaza chupa zake za vipimo, hana habari na mtu.

Fabiola akatokea njiani, peke yake, begi begani. Alikuwa amepata nafasi chuoni, Dodoma, na basi lake lilikuwa la kesho yake alfajiri.

“Shikamoo, baba. Nimekuja kuaga.”

“Marahaba, mwanangu. Bibi yako umemwona?”

“Nimepita. Shangazi alikuwepo.” Akashusha begi.

Tluway akazima kompresa, na bila shaka akaona ukimya ule ni mali ya bure. “Kahawa! Huyu binti ulimpaka chokaa? Maziwa na kahawa, jamani, nyumba moja!”

Vijana wawili watatu wakacheka. Fabiola hakumtazama Tluway. Alinitazama mimi.

“Ndicho alichosema shangazi sasa hivi, ila yeye hakutania. Amesema niende nikamtafute mwenye meno haya. Baba, mimi kesho naondoka. Naomba uniambie leo. Kama siyo, niambie siyo, nitajua pa kuanzia.”

Nimechimba visima nimesahau idadi, nimeangukiwa na rodi, nimekimbizwa na nyuki mpaka nikaruka ua. Sijawahi kuishiwa upepo kama pale. Nilitaka kusema wewe ni wangu, nikaliacha, maana sikutaka kumpa neno ambalo mimi mwenyewe sikuwa na hakika nalo. Nikafunika mdomo kwa mkono ingawa hakuna aliyekuwa anacheka. Machozi yake yalikuwa yameanza. Nikasema, kwa sauti ambayo nadhani hata ng'ombe waliisikia, “Mwanangu, sisi meno yetu yametoka mlimani, kwa mababu. Ya kwako sijui yametoka wapi. Lakini...”

“Yametoka mlimani kwa mababu?” Bi Zuhura alikuwa ameinua kichwa, chupa mkononi. “Nani kakwambia hivyo, mzee?”

Nikaanza kufuta mikono kwa tambara. Nani amtaje mjomba wake mbele ya maabara?

Akasimama, akafunga kizibo, akamgeukia Fabiola. “Wewe umekulia wapi?”

“Daudi, kwa bibi mzaa mama. Mpaka nilipoanza sekondari.”

“Mlikuwa mnakunywa maji gani?”

“Ya chemchemi.”

“Na wewe, mzee?”

“Hapa hapa,” nikasema. “Kisima cha chini ya mlima. Lakini mama, huyu amekunywa maji ya Katesh sekondari yote, na meno hayajageuka. Nilikuwa naangalia.”

Fabiola akafuta uso na kiganja. “Ulikuwa unaangalia?”

Bi Zuhura akaweka chupa yake chini. Hakupandisha sauti. Alizungumza kama mtu anayemweleza mteja pampu inavyofanya kazi.

“Hayarithiwi, mzee. Mawe ya volkano ya huku yana floraidi, maji yanaiyeyusha, na mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanatengenezwa ndani ya ufizi, yanatoka na rangi hiyo. Yakishatoka, maji hayayabadilishi tena. Wewe ulikunywa ukiwa mdogo, yeye hakunywa. Ungelelewa Daudi ungekuwa na meno kama ya binti yako, na yeye angelelewa hapa angekuwa nayo kama yako.”

Nikatoa mkono mdomoni, nikamwambia Fabiola mbele yao wote, “Wewe ni wangu, na ndivyo ulivyokuwa siku zote.”